Daftari la Uji Halipimi Umaskini

Wanachuo wenzangu, tuongee kuhusu uji wa shuleni.

Kwa miaka mingi, mtafiti wa Marekani akitaka kujua shule ipi ina watoto wengi maskini huuliza swali moja: wangapi wanakula mchana bure au kwa bei pungufu? Familia hujaza fomu ya kipato, mtoto anakula, takwimu zinapatikana. Sisi nasi tuna orodha, ila imepinduliwa: nani kaleta mahindi na maharage, nani hajaleta. Kwao orodha inamlisha maskini. Kwetu, kwenye baadhi ya shule, inamnyima.

Elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016 ada ilifutwa, lakini chakula cha mwanafunzi wa kutwa kilibaki kwa mzazi. Sasa njoo Bukoba na Muleba. Kaya inaweza kuwa na ndizi shambani lakini isiwe na debe la mahindi, wala hela ya kulinunua hadi kahawa ivunwe. Daftari litaiita fukara. Jirani aliyeuza mbuzi wa mwisho ili mwanawe asiaibike, daftari litasema anajiweza. Tena kaya huporomoka haraka: mnyauko wa migomba ulioripotiwa Muleba mwaka 2006 ulitufundisha hivyo.

Hili linatuhusu hata sisi tunaosubiri bumu. Bodi ya Mikopo huangalia kama kaya iko TASAF, kama mzazi amefariki, kama kuna ulemavu. Aliyeshinda njaa miaka saba bila cheti chochote ataonekana wapi?

Maoni yangu ni haya. Mtoto wa kaya ya TASAF asamehewe mchango moja kwa moja, mzazi asiende kubembeleza. Kaya zilizoyumba baada ya uandikishaji zipitiwe kila muhula na kamati ya shule pamoja na mwenyekiti wa kitongoji, maana yeye anajua migomba ya nani imekauka. Ndizi zipokelewe kama mchango kwa siku zilizopangwa. Na majina yabaki ofisini, yasisomwe paredi.

Mtasema wapo wazazi watakaojifanya maskini. Kweli, wapo. Hasara yake ni kikombe cha uji. Lakini ukimkosa mwenye shida, hasara ni mtoto anayesinzia kwenye hesabu, na huyo hatutakutana naye hapa chuoni.