Akses Pointi Hainunuliwi kwa Karatasi

Ilikuwa saa nne asubuhi, siku ya mwisho ya kujisajili kwa masomo ya muhula, katika ukumbi wa mihadhara wa chuo kimoja cha umma. Nilikuwa nimeketi safu ya nyuma, karibu na mlango. Darini zilikuwapo akses pointi tatu mpya, hazijamaliza hata miezi mitatu tangu zifungwe, taa zake zote za kijani. Chini yake walikaa wanafunzi wapatao mia tatu, kila mmoja na simu mkononi, na katika kila simu niliyoweza kuiona kiduara cha kusubiri kilikuwa kinazunguka. Binti aliyekuwa jirani yangu alivumilia kama robo saa. Kisha akazima Wi-Fi, akatoka hadi chini ya mwembe, akanunua bando la shilingi elfu moja na kujisajili pale pale akiwa amesimama. Aliporudi kuchukua begi lake aliniambia, "Mzee, hiyo ya chuo huwa haishiki tukiwa wengi." Ile elfu moja, alisema, ilikuwa nauli yake ya jioni.

Baadaye niliomba kuona maelezo ya kifaa kile. Yalisema kila kimoja kinahudumia watumiaji mia tano kwa wakati mmoja. Kwa hesabu hiyo vitatu vingetosha watu elfu moja na mia tano, mara tano ya waliokuwa ukumbini. Kamati iliyonunua ilifanya hesabu hiyo hiyo. Haikuiba wala haikuzembea. Ilisoma karatasi, ikaiamini.

Toleo hili tumelitenga kwa swali lililoikwaza kamati ile. Chuo, hospitali ya rufaa, benki au wizara ichague vipi akses pointi wakati Cisco, Aruba, Ruckus, Huawei, Ubiquiti, Cambium na TP-Link wote wako mlangoni na vipeperushi vyao? Najua wasomaji wengi walitarajia jedwali: chapa hii ya kwanza, ile ya pili, nyingine ya mwisho. Tulilijadili kwa muda mrefu na tukaamua kutoliweka. Jedwali la namna hiyo lingekuwa karatasi nyingine ya kuaminiwa na kamati nyingine.

Nirudi ukumbini, maana jibu lilikuwa mle. Hewa ya chumba kimoja ni kama baraza la watu wenye adabu: anasema mmoja, wengine wanangoja zamu. Ndivyo Wi-Fi ilivyo tangu kiwango cha kwanza cha 802.11 kilipotoka mwaka 1997 kikiwa na kasi ya megabiti 2 kwa sekunde. Wi-Fi 6 iliongeza ufundi wa kuhudumia simu kadhaa ndani ya zamu moja, lakini ufundi huo unazifaa simu za Wi-Fi 6 tu. Simu ya bei ya chini, yenye antena moja na masafa ya gigahezi 2.4 peke yake, haivuki megabiti 72 hata ikiwa chini kabisa ya kifaa. Ikikaa nyuma ya nguzo inashuka zaidi, na kadiri inavyoshuka ndivyo inavyokaa na zamu yake kwa muda mrefu. Mwenye simu ya milioni mbili aliye kando yake naye anangoja.

Kijana wa TEHAMA wa chuo kile, msikivu na mwenye subira, alinifungulia ukurasa wa usimamizi siku ile ile. Katika gigahezi 2.4 chaneli zisizoingiliana ni tatu tu: ya 1, ya 6 na ya 11. Akses pointi zote tatu zilikuwa zimekaa kwenye chaneli ya 6. Zilikuwa zinatangaza majina tisa ya mitandao: la wanafunzi, la wahadhiri, la wageni, la maktaba, hata la mkutano uliokwisha zamani, jina lililohamishwa pamoja na mipangilio ya vifaa vya awali. Kila jina hutangazwa takriban mara kumi kwa sekunde, na matangazo yale yalikuwa yanatoka kwa kasi ya chini kuliko zote, megabiti 1. Tangazo la baiti mia tatu hivi, kwa kasi hiyo, hula kama milisekunde mbili na nusu. Akses pointi 3, majina 9, mara 10, ni matangazo 270 kila sekunde. Karibu theluthi mbili ya muda wa hewa ya ukumbi ilikuwa imeliwa na vifaa kujitaja majina, kabla mwanafunzi hajatuma hata herufi moja.

Kwa idhini ya mkuu wake, yule kijana alifuta majina sita, akazipa akses pointi tatu chaneli tatu tofauti na kuzizuia zisitumie kasi za chini. Kazi hiyo ilichukua chini ya saa moja. Mchana usajili ulikwenda, si kwa haraka, lakini ulikwenda, na hakuna kilichonunuliwa.

Sisemi kwamba chapa zote ni sawa. Zinatofautiana, tena sana, katika namna zinavyopanga chaneli zenyewe, zinavyogawa zamu kati ya simu dhaifu na simu zenye nguvu, na zinavyomwonyesha fundi tatizo liko wapi. Ila tofauti hizo hazionekani kwenye kipeperushi. Kinachoonekana pale ni kasi, na mwaka huu kasi inayotajwa ni ya Wi-Fi 7, ambayo Wi-Fi Alliance ilianza kuithibitisha Januari 2024. Kinadharia ni gigabiti 46 kwa sekunde. Namba hiyo inahitaji mikondo kumi na sita ya redio, na simu nyingi nzuri zina mikondo miwili. Inahitaji pia chaneli yenye upana wa megahezi 320, nayo hupatikana kwenye gigahezi 6 tu. Marekani ilifungua megahezi 1200 za masafa hayo Aprili 2020, kwa hiyo chaneli pana za namna hiyo zinapatikana tatu. Umoja wa Ulaya, Juni 2021, ulifungua 480, inapatikana moja. Shirika lenye akses pointi mia mbili likizibana zote kwenye chaneli moja limerudi kwenye baraza la mtu mmoja kusema na mia moja tisini na tisa kungoja. Kabla hujalipia gigahezi 6, iulize mamlaka ya mawasiliano ya nchi yako imeruhusu sehemu gani na kwa nguvu gani, kisha hesabu simu za watu wako wenyewe ujue ni ngapi zinaweza kuyatumia masafa hayo. Maoni yangu ni kwamba kwa taasisi zetu nyingi Wi-Fi 6 iliyopangwa vizuri itawafaa watu kuliko Wi-Fi 7 iliyofungwa mbiombio ili bajeti isirudi hazina.

Jambo la pili halimo kabisa kwenye karatasi, nalo ni mwenye chapa. Ruckus ilinunuliwa na Brocade mwaka 2016, ikaenda kwa ARRIS mwaka 2017, ikaangukia CommScope mwaka 2019. Hao ni wamiliki watatu ndani ya miaka minne. Aerohive ilimezwa na Extreme mwaka 2019. Mwaka huo huo Juniper iliinunua Mist. Januari 2024 HPE, ambayo Aruba iliingia mikononi mwake kupitia HP mwaka 2015, ikatangaza kuinunua Juniper yenyewe kwa dola bilioni 14 hivi. Wizara ya Sheria ya Marekani ilikwenda mahakamani Januari 2025 kuzuia, ikidai kwamba Cisco na HPE peke yao wangeshika zaidi ya asilimia 70 ya soko la nchi hiyo. Pande mbili zilielewana Juni, na Julai 2025 ununuzi ukakamilika. Kwa hiyo Aruba na Mist, waliokuwa wakigombea wateja wale wale, sasa wako nyumba moja. Anayesaini mkataba wa miaka saba ana haki ya kuuliza, na kupata jibu la maandishi: ni ipi kati ya bidhaa hizi itakuwapo mwaka wa sita, na atakayeipelekea marekebisho ya usalama ni nani?

Ndani ya swali hilo mna la leseni, na hapa naomba msomaji atulie nami kidogo, kwa sababu ndipo nilipoona taasisi zikiumia zaidi. Zipo akses pointi unazozinunua zikawa zako. Zipo nyingine unazozinunua ukawa umenunua chombo tu, na uhai wake unaulipia kila mwaka. Katika utaratibu wa leseni uliozoeleka wa Meraki, ambayo Cisco iliinunua mwaka 2012, leseni ikiisha na siku thelathini za nyongeza zikipita, vifaa vinaacha kuhudumia mtandao. Si siri, limo kwenye masharti yao, na kampuni yenye mapato ya kila mwezi inaweza kuishi nalo vizuri tu, hasa kwa kuwa usimamizi wake ni mwepesi kwa fundi mmoja mwenye matawi arobaini. Ubiquiti, kwa upande mwingine, haidai ada ya mwaka kwa akses pointi zake za UniFi. Kwake la kuuliza ni lingine: mtandao wa wodi ukizimika saa nane usiku, nani anapokea simu?

Fedha za umma zina tabia yake. Za mradi huja mara moja na kwa wingi, wafadhili wakiwapo na utepe ukikatwa. Za uendeshaji huja kidogo kidogo, tena zimechelewa. Taasisi ikinunua kwa fedha za mradi kifaa kinachoishi kwa fedha za uendeshaji, mwaka wa nne itakuwa na mamia ya masanduku meupe darini yasiyofanya kazi. Nimeyaona. Katika hospitali moja niliyoitembelea wauguzi walikuwa wamerudi kubeba majibu ya maabara kwa mkono, ghorofa tatu juu, chini ya vifaa ambavyo havikuwa na kasoro hata moja isipokuwa leseni. Ndiyo maana nasema bei ya kulinganisha kwenye zabuni iwe jumla ya miaka mitano au saba: vifaa, leseni, swichi, kebo, ufungaji, mafunzo na matengenezo, vyote kwenye mstari mmoja.

Swichi nimezitaja kwa makusudi, kwani husahauliwa. Akses pointi hula umeme kupitia kebo ya mtandao. Kiwango cha mwaka 2003 hutoa wati 15.4, cha 2009 wati 30, cha 2018 hadi 90. Nyingi za kisasa zikichomekwa kwenye swichi ya zamani huwaka taa, kisha hupunguza redio zake kimyakimya, na mnunuzi anabaki kutumia nusu ya alicholipia.

Vigezo vya zabuni navyo viandikwe na anayelijua jengo. Nimesoma hati zilizonakiliwa neno kwa neno kutoka kwenye karatasi ya bidhaa moja, hadi uzito wa kifaa kwa gramu. Sheria ya ununuzi wa umma ya Kenya ya mwaka 2015, kifungu cha 60, inataka vigezo vielekee kwenye utendaji na viwango badala ya chapa. Utendaji ndio huu: wanafunzi mia tatu, ukumbi huu, simu hizi, ukurasa wa usajili ufunguke ndani ya sekunde tano.

Hilo linaweza kupimwa. Waambie wazabuni wawili au watatu walete vifaa vyao vikae wiki mbili kwenye chumba chako kinachojaa kuliko vyote, chini ya dari yako, nyuma ya kuta zako. Watu waingie na simu zao wenyewe. Chomoa akses pointi moja wakati wa msongamano uone waliokuwa juu yake wanakwenda wapi. Kata laini ya intaneti uone kama usimamizi unaotegemea wingu unawaacha wauguzi waendelee kufikia seva iliyo ndani ya jengo. Mkabidhi fundi wako, si wa muuzaji, atafute simu moja yenye tatizo, na umpimie saa. Muuzaji anayeamini bidhaa yake hatakataa, na akikataa, liandikeni hilo kwenye taarifa ya tathmini.

Kurasa zinazofuata zimeandikwa na mafundi waliopanda ngazi na maofisa ununuzi waliosaini mikataba, wengine wakieleza walipokosea. Kama taasisi yako imefanya jaribio la namna hii, tuletee matokeo: ukubwa wa chumba, idadi ya watu, aina za simu, kilichofaulu na kilichoshindwa. Tutayachapa katika toleo lijalo, yawe mazuri au mabaya kwa chapa yoyote, pamoja na za wanaotangaza biashara zao katika jarida hili.