"NI MKIA", AU ALIKUWA WA MWISHO?



Wahenga walisema ulimi hauna mfupa. Muhula uliopita, matokeo yalipobandikwa ukutani, mwenzetu mmoja alikuwa wa mwisho darasani. Kabla ya chakula cha mchana alikuwa amekwisha kubatizwa: "Mkia". Mpaka leo, hata akifunga bao uwanjani, utasikia, "Mkia amefunga!" Mimi nami sifichi, nilikuwa mmoja wa waliomwita hivyo. Sasa naona haya, na aliyenitia haya ni Mgiriki mmoja wa kale.

Mgiriki huyo ni Aristotle, aliyeishi kati ya mwaka 384 na 322 K.K. Alikwenda Athens akiwa na miaka 17, umri wetu kabisa, akakaa miaka 20 katika shule ya Plato. Plato alifundisha kwamba uzuri, usawa na mengine kama hayo yapo yenyewe, mbali na vitu tunavyoviona. Mwanafunzi akampinga mwalimu wake. Alisema sifa haisimami peke yake. Lazima pawepo kitu cha kuibeba. Nani amewahi kukutana na weupe ukitembea barabarani?

Jamani, sisi wa Kiswahili hilo tunalijua! Fungua kamusi utafute sifa hiyo. Utakuta "-eupe", na kistari mbele, kama mtu anayengoja kushikwa mkono. Haikamiliki mpaka ipate nomino: kikombe cheupe, maziwa meupe, ng'ombe mweupe. Nomino ndiyo mwenye nyumba, sifa ni mgeni.

Na mgeni huondoka. Aristotle aliandika kwamba alama kubwa ya kitu halisi ni hii: hubaki kile kile huku kikipokea hali zinazopingana. Tazama jani la chai la kwetu huku Bomet. Shambani ni la kijani. Kiwandani linanyaushwa, linakatwakatwa, linapigwa na hewa mpaka linageuka rangi ya shaba, kisha linakaushwa na kuwa jeusi. Rangi tatu zimepita, lakini kilichozibeba kilitoka kwenye mchai ule ule.

Kuna atakayeniuliza, "Wee, kwani hakuwa wa mwisho kweli?" Alikuwa. Lakini nafasi ya darasani ni jambo la aina gani? Aristotle alihesabu aina kumi za mambo tunayoweza kusema juu ya kitu: ni nini, kiasi gani, cha namna gani, kiko wapi, na kadhalika. Mojawapo ni uhusiano wa kitu na kingine, kama vile mkubwa kuliko fulani. Hiyo aliiona kuwa dhaifu kuliko zote, kwa sababu inaweza kubadilika wakati kitu chenyewe hakijabadilika hata chembe. Kesho akija mwanafunzi mgeni akapata alama za chini zaidi, "Mkia" wetu hatakuwa mkia tena, ilhali yeye mwenyewe hajaongeza hata alama moja. Basi tumembandika mtu jina la kudumu kwa jambo lililo nje yake!

Sisemi tusitoe matokeo. Wala sisemi uvivu haupo. Upo, na mimi nimewahi kuwa nao. Nasema tuchunge neno "ni". Ni fupi mno, lakini linaweza kumfunga mtu miaka minne. "Alikuwa wa mwisho" ni habari ya muhula mmoja. "Ni mkia" ni hukumu.

Juzi nilimwita mwenzetu kwa jina alilopewa na wazazi wake. Hakugeuka. Nikaita mara ya pili, ndipo akatazama nyuma, akadhani namwita mtu mwingine.

Wenzangu, hapo ndipo tulipomfikisha. Tumrudishe.

Kiswahili kitukuzwe!

Mwanachama, Kidato cha Tatu