Fundi Nyuma ya Bingwa

Mzazi wa Lodwar au Kakuma akimkuta mtoto amefungua redio, mara nyingi humkaripia: "Acha mchezo, shika kitabu!" Ngoja kidogo, mzazi. Katika gofu ya kulipwa, kama ile Kenya Open iliyoanza mwaka 1967, mchezaji huruhusiwa fimbo zisizozidi 14. Wako mafundi wanaozitunza, wakisafiri kutoka shindano hadi shindano, karakana yao ndani ya lori. Hubadilisha mipini, hufunga raba za kushikia, hukunja shingo ya fimbo kwa digrii moja tu. Kombe huchukua mpigaji. Fundi naye hula jasho lake. Basi mpe mwanao bisibisi pamoja na kitabu: kupima digrii ni hisabati.