Runinga mbovu si kichezeo cha mtoto

Mzazi anayewatembeza watoto Mombasa huanzia Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Kisha familia hupiga picha kwenye Pembe za Ndovu, Moi Avenue, na kurudi nyumbani.

Upo mtaa mwingine wa Mombasa usio na tikiti wala kiongozi wa watalii, lakini kila mzazi anafaa kujua historia yake. Ni Owino Uhuru, upande wa Mikindani, nje ya kisiwa. Kiwanda kilichopakana na nyumba za watu kilikuwa kikiyeyusha betri chakavu za magari ili kupata madini ya risasi. Phyllis Omido aliajiriwa hapo mwaka 2009. Mwanawe mdogo akaugua, na damu yake ilipopimwa ikapatikana na risasi. Omido na wakazi walipigania haki yao hadi kiwanda kikafungwa mwaka 2014. Mwaka 2024 Mahakama ya Juu ilirejesha uamuzi wa kuwafidia wakazi Sh1.3 bilioni.

Utasema, kwetu hakuna kiwanda. Lakini ile runinga ya zamani yenye kisogo, iliyosukumwa nyuma ya mlango, kioo chake kina risasi. Redio na kompyuta nyingi kuukuu pia zina risasi kwenye lehemu inayoshikilia vipuri. Kikiwa kizima, kifaa hicho hakina shida. Hatari huja kinapovunjwa au kuchomwa ili shaba iuzwe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Vumbi na majivu hubaki uani, mahali watoto wanapochezea.

Mtoto hutia vidole mdomoni, na mwili wake hufyonza risasi aliyomeza mara 4 hadi 5 kuliko wa mtu mzima. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Risasi huathiri ubongo unaokua. Mtoto anaweza kuumwa tumbo, kufunga choo, kupungukiwa damu au kushindwa kutulia darasani. Wengi hawaonyeshi dalili yoyote, na ni kipimo cha damu kinachothibitisha.

Kwa hivyo, mzazi, usichome nyaya wala kuvunja runinga nyumbani. Usiwape watoto simu mbovu wachezee, na betri iliyovimba isitobolewe. Weka vifaa hivi pamoja, vikiwa vizima, mbali na jikoni, kisha uvipeleke kwa wanaovichakata kwa utaratibu, kama WEEE Centre ya Nairobi. Futa picha na namba zako kwanza.

Na kama baba au mama anatengeneza redio au betri kwa jua kali, abadilishe nguo na anawe kwa sabuni kabla ya kumpakata mtoto. Ukiwa na shaka, mweleze daktari kazi unayofanya. Asipoijua, huenda asifikirie kupima risasi.