Kompyuta za okazioni Butembo na Beni: stika ya i7 isipandishe bei peke yake

Anayetafuta kompyuta ndogo ya okazioni Butembo au Beni huulizwa kwanza: unataka i5 au i7? Bei hufuata jibu. Mashini yenye stika ya i7 huwekwa juu, ile ya i5 huwekwa chini, na mzazi anayetaka mtoto wake apate kitu kizuri hujikaza kuongeza dola ili asichukue "ile ya chini". Lakini kwa prosesa mbili zinazopatikana sana katika mashini za umri huu, hesabu hiyo inasimama kichwa chini miguu juu. Anayelipa zaidi ndiye anayepata kidogo.

Ya kwanza ni Core i7-7500U, ambayo Intel iliitoa mwaka 2016. Ya pili ni Core i5-8250U, iliyotoka Agosti 2017. Ya kwanza imo ndani ya mashini kama Lenovo ThinkPad T470 na HP EliteBook 840 G4. Ya pili imo ndani ya wadogo zao waliofuata: ThinkPad T480 na EliteBook 840 G5. Hizi ni mashini zilizotengenezwa kwa ajili ya ofisi za makampuni. Baada ya miaka michache ofisi za Ulaya, Marekani na Asia huziondoa kwa wingi, na wafanyabiashara huzinunua kwa jumla. Nyingi hupitia Dubai na Kampala, zikavuka mpaka wa Kasindi, zikafika Beni, kisha Butembo. Kwa nje zinafanana. Tofauti iko ndani, na stika haiisemi.

i7-7500U ina viini viwili. Kiini ndicho sehemu ya prosesa inayofanya kazi yenyewe, na kila kimoja kinaweza kushika kazi mbili kwa zamu, kwa hiyo jumla ni kazi nne. i5-8250U ina viini vinne na inashika kazi nane. Akiba yake ya ndani ni megabaiti 6, wakati ile ya i7 ni megabaiti 4. Katika mwendo wa juu kabisa, i7 inafika gigahezi 3.5 na i5 inafika 3.4, tofauti ambayo mtumiaji hawezi kuiona. Mfano wake ni depo la kahawa: moja lina wachambuaji wawili, lingine lina wanne, na mikono yao yote ina mwendo karibu uleule. Gunia moja dogo likiletwa, madepo yote mawili yatamaliza kwa wakati mmoja. Magunia yakijaa uwanjani, ndipo depo la watu wanne litaonekana.

Kabla ya hapo, katika kompyuta nyembamba za aina hii, i5 na i7 zote zilikuwa na viini viwili, na i7 ilizidi kidogo tu. Kwa kizazi cha nane Intel ilibadilisha mambo, ikaongeza viini hadi vinne hata kwa i5. Wakati wa kuitoa, kampuni yenyewe ilitangaza kwamba kizazi hicho kinaweza kuzidi kile cha saba kwa hadi asilimia 40. Soko letu limebaki na desturi ya zamani: kusoma herufi na tarakimu moja, kisha kuacha zile nne zinazofuata. Katika "7500", tarakimu ya kwanza inasema kizazi cha saba. Katika "8250", inasema kizazi cha nane. Tarakimu hiyo ndiyo yenye uzito.

Ni nani anayeguswa na tofauti hii? Mwenye sekretariati anayechapa barua na kutoa fotokopi hataiona sana. Mwanafunzi anayeandika kazi ya mwisho wa masomo katika faili moja hataiona pia. Lakini mwanafunzi wa kilimo au wa tiba katika Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben, Butembo, anayechambua takwimu za utafiti wake huku kurasa kumi za intaneti ziko wazi, ataiona. Mwanafunzi wa kompyuta katika UCBC, Beni, anayeendesha programu kadhaa kwa pamoja, ataiona kila siku. Fundi wa redio anayekata sauti za habari na mpiga picha za ndoa anayetengeneza video wataihesabu kwa masaa. Na katika miji ambako umeme hukatika, saa moja ya kusubiri video imalizike ni mafuta ya jenereta au nguvu ya betri ya sola.

Kuna wanaosema kwamba prosesa yenye viini vinne itakula umeme zaidi. Intel imeziwekea zote mbili kipimo kilekile cha wati 15. Ni kweli kwamba ile ya viini vinne ikisukumwa kwa nguvu kwa muda mrefu hupata moto, hasa feni ikijaa vumbi la barabara zetu, na hapo hupunguza mwendo wake. Dawa yake ni kusafisha feni na kubadilisha pasta ya joto, kazi ambayo fundi mzuri anaiweza. Kwa matumizi ya kawaida, kinachoamua betri itadumu saa ngapi ni uzee wa betri yenyewe.

Jambo lingine ni usalama. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida kwa Windows 10. Windows 11, kwa prosesa za Intel za aina hii, inakubali rasmi kuanzia kizazi cha nane. Maana yake i5-8250U iko ndani ya mlango, na i7-7500U iko nje. Mafundi wanazo njia za kuilazimisha Windows 11 iingie katika mashini ya kizazi cha saba, lakini Microsoft haiahidi kwamba mashini hiyo itaendelea kupata masasisho. Anayejua Linux anaweza kuitumia bila shida kwa miaka mingine. Ila mwenye ofisi ndogo anayehifadhi hesabu za wateja na kulipwa kwa simu hana sababu ya kuongeza dola ili apate mlango uliofungwa.

Haki iseme pande zote. i7-7500U si mashini mbaya. Ikiwa bei yake iko chini ya ile nyingine, ikiwa ina RAM ya gigabaiti 8, diski ya SSD na betri nzima, na mnunuzi anataka kuandika na kusoma tu, aichukue bila kujuta. Hata zaidi: i5-8250U yenye RAM ya gigabaiti 4 na diski ya zamani inayozunguka itachosha kuliko i7-7500U iliyowekwa vizuri. RAM na SSD zitazamwe kabla ya kubishana juu ya prosesa. Kosa ni moja tu: kulipia stika ya i7 bei ya juu kuliko i5 iliyo mpya na yenye nguvu zaidi.

Wauzaji nao wasihukumiwe wote kwa pamoja. Wengi hununua mizigo Kampala kwa haraka, mashini zikiwa zimepangwa kwa jina la i5 na i7, na wao hupewa bei kwa mpangilio huohuo. Lakini mfanyabiashara anayeishi kwa kuuza kompyuta hawezi kuendelea kusema hajui, kwa sababu kuangalia kunachukua dakika moja. Mashini ikiwa imewaka, mtu abonyeze Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, aingie kwenye sehemu ya utendaji, ataona jina kamili la prosesa na hesabu ya viini. Mnunuzi ana haki ya kuomba hilo kabla ya kutoa pesa. Muuzaji anayekataa kuwasha mashini mbele ya mteja amekwisha kujibu.

Suluhisho halihitaji sheria mpya kutoka Kinshasa. Kila duka liandike kwenye karatasi ya bei mambo matano: namba nzima ya prosesa, hesabu ya viini, RAM, aina ya diski na hali ya betri. Shirikisho la makampuni, FEC, lenye ofisi Butembo na Beni, linaweza kuwaomba wanachama wake wafanye hivyo, na wale watakaoanza watavuta wateja. Vyuo vikuu navyo vibandike mwongozo wa ukurasa mmoja penye ofisi ya uandikishaji, kabla mwanafunzi mpya hajaenda sokoni.

Pesa zinazonunua mashini hizi zina historia. Ni kakao ya Beni iliyovunwa katika mashamba ambayo wakulima wameyakimbia na kuyarudia mara nyingi kwa sababu ya mauaji. Ni kahawa ya Lubero, ni mshahara wa mwalimu uliochelewa, ni likelemba la akina mama lililosubiriwa kwa miezi. Familia iliyotoa pesa za namna hiyo hainunui mara mbili. Kumuuzia stika ni kumpunguzia mtoto wake miaka ya kazi, na hilo halifuniki faida ya dola chache.

Basi swali la kwanza dukani libadilike. Badala ya "i5 au i7?", mnunuzi aulize: "Namba nzima ni ipi, na ina viini vingapi?"