Mwekezaji asinunue maneno ya roboti

Mwezi Septemba 2025 kampuni ya Figure ya California, inayotengeneza roboti zenye umbo la binadamu, ilitangaza kupata mtaji mpya wa zaidi ya dola bilioni 1, na kwa hesabu hiyo ikathaminiwa dola bilioni 39. Mwezi uliofuata kampuni ya 1X ilianza kupokea maagizo ya roboti ya nyumbani iitwayo NEO, kwa bei ya dola 20,000. Habari za namna hii humtia mfanyabiashara wasiwasi kwamba roboti inayoongea na kusikiliza ndiyo bidhaa ya kesho, na kwamba atakayechelewa atakuta wenzake wamekwisha vuna.

Safu hii haina ugomvi na roboti. Maoni yetu ni kwamba bidhaa ya aina hii imekwisha pita sokoni mara moja, katika miaka ya 2014 hadi 2020, na hesabu zake zipo. Mwenye akiba ndogo azisome kwanza kabla ya kufungua mkoba.

Tuanze na utafiti, maana watafiti waliliona jambo hili mapema kuliko wauzaji. Mwaka 2004 wataalamu wa Japani wakiongozwa na Takayuki Kanda walichapisha matokeo ya jaribio katika shule moja ya msingi. Roboti iitwayo Robovie iliwekwa hapo kwa siku 18, ikizungumza Kiingereza na watoto wa darasa la kwanza na la sita. Wiki ya kwanza watoto waliizonga kama nyuki. Wiki ya pili wengi wao walikuwa wamekwisha ichoka na kurudi kwenye michezo yao. Wale waliodumu kuongea nayo ndio ambao Kiingereza chao kilionyesha maendeleo.

Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Kwa lugha ya soko, mauzo ya wiki ya kwanza hupima ugeni wa kitu. Faida yake kwa mnunuzi hupimwa baadaye, ugeni ukiisha.

Kampuni ya SoftBank ya Japani ililiona hilo kwa gharama kubwa. Roboti yake Pepper, iliyosemekana kusoma hisia za mtu kutoka usoni na kwenye sauti, ilianza kuuzwa kwa watu binafsi Juni 2015 kwa yen 198,000. Roboti 1,000 za kwanza ziliisha kwa dakika moja. Lakini mnunuzi alitakiwa pia kulipa yen 14,800 za huduma na yen 9,800 za bima kila mwezi kwa miaka mitatu, jumla ikapita yen milioni 1. Utengenezaji ulisimamishwa mwaka 2020, zikiwa zimetengenezwa roboti 27,000 tu. Aliyepima soko kwa ile dakika moja alipima kitu kingine kabisa.

Marekani mambo yalikuwa yale yale. Roboti ya mezani Jibo, ya mtafiti Cynthia Breazeal wa chuo cha MIT, ilichangiwa na wananchi mwaka 2014 kiasi cha dola milioni 3.7. Ilifika kwa wanunuzi mwaka 2017 kwa bei ya dola 899, wakati ambapo spika ndogo ya Amazon yenye kujibu maswali ilipatikana kwa dola 50 hivi. Mwaka 2019 Jibo yenyewe iliwatangazia wenye nyumba kwamba kompyuta kuu zilizoiwezesha kufanya kazi zingezimwa. Mtu alikuwa ameinunua mashine, lakini akili yake ilibaki kwa muuzaji.

Hoteli ya Henn na huko Sasebo, Japani, iliyofunguliwa mwaka 2015, ilitumia roboti kama watumishi. Mojawapo, iliyowekwa vyumbani, ilikuwa ikisikia mgeni anakoroma, ikidhani imeulizwa jambo, inamwamsha na kumtaka arudie alichosema. Mapema mwaka 2019 ilijulikana kuwa zaidi ya nusu ya roboti zake 243 zilikuwa zimeondolewa. Zilikuwa zinawaongezea kazi wafanyakazi.

Sasa tutazame upande wa pili wa daftari. Kampuni ya Universal Robots ya Odense, Denmark, ilianza kuuza mikono ya roboti mwaka 2008. Mikono hiyo haina uso wala haisemi. Mawasiliano yake na fundi ni haya tu: fundi huushika mkono na kuuongoza njia ya kupita, nao hujifunza, ukimgusa mtu kwa nguvu, husimama. Mwaka 2015 kampuni ya Teradyne ya Marekani iliinunua kwa dola milioni 285, na kufikia mwaka 2020 mikono 50,000 ilikuwa imeuzwa.

Mshindani wake, Rethink Robotics ya Marekani, alileta Baxter mwaka 2012 kwa dola 22,000. Baxter alikuwa na kioo chenye macho, akitazama mahali mkono wake unapokwenda ili jirani yake asishtuke. Ulikuwa ubunifu mzuri sana wa mawasiliano. Lakini viwanda vilitaka mkono usiokosea kipimo, na Rethink ilifunga milango Oktoba 2018.

Wapo watakaosema kwamba hayo yamepitwa na wakati, kwani kompyuta za leo huzungumza kwa ufasaha ambao Pepper hakuwa nao. Ni kweli, na huenda mazungumzo hayo yakamshikilia mteja kwa muda mrefu zaidi. Hata hivyo, ufasaha hauoshi vyombo. 1X yenyewe imeeleza kwamba kwa kazi ambayo NEO haijaijua, mtaalamu wa kampuni aweza kuiongoza kutoka mbali. Basi mnunuzi ajiulize kama analipia mashine au analipia mtumishi aliye ng'ambo, anayeona ndani ya nyumba yake.

Kwa hiyo, msomaji wetu akiombwa kuchangia mtaji wa biashara ya roboti, au kununua moja ya kupokea wateja dukani, asiridhike na onyesho. Atake kuona matumizi ya mwezi wa tatu na kuendelea, na ni wateja wangapi waliorudi kununua ya pili. Aulize gharama yote ya miaka mitatu, siyo bei ya mlangoni peke yake. Aulize kama mashine itaendelea kufanya kazi siku kampuni ikifungwa. Mwisho, aulize ni kazi gani itakayobaki kufanywa na mtu, na mshahara wa mtu huyo utatoka wapi.

Mwuzaji mwenye majibu ya maswali hayo atayatoa kwa tarakimu. Asiye nayo ataiwasha roboti icheze ngoma. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.