Acheni Tupige Picha Madirisha ya Kanisa

Wasee, leo nimekuja na hasira kidogo. Wazee wa kanisa mkisoma hii, mnisamehe mapema.

Kanisa nililokulia lina dirisha la vioo vya rangi upande wa kulia: Yesu Mchungaji, amebeba mwanakondoo mabegani. Nikiwa mdogo, mahubiri yakizidi urefu, mimi nilikuwa naangalia huyo mwanakondoo tu. Jua likipiga, ile nyekundu ya joho ilimwagika sakafuni mpaka kwenye viatu vyangu.

Miaka mitatu iliyopita nilienda siku ya kazi, kanisa tupu, nikatoa simu. Hata sijapiga moja, mzee akanifikia. "Kijana, hapa si studio. Weka hiyo simu." Nikasema sawa mzee, nikatoka.

Mwaka jana mashine ya kukata nyasi ikarusha jiwe. Kichwa cha mwanakondoo kikaenda. Kamati ikatafuta fundi wa vioo, naye akauliza swali moja tu: "Mna picha yake?"

Manze, hawakuwa nayo. Walipekua albamu za harusi miaka nenda miaka rudi. Shela inaonekana, meno ya bwana harusi yanaonekana, lakini dirisha nyuma yao ni doa jeupe. Kamera ikifuata uso wa mtu ndani ya jengo lenye giza, kioo kinachong'aa nyuma yake kinapoteza rangi zote. Leo hapo pamewekwa kioo chenye ukungu kama cha dirisha la bafu. Mchungaji amebeba kondoo asiye na kichwa.

Hebu fikiria. Kwa hizo harusi zote kamera ziliingia tatu tatu, na taa kubwa mpaka karibu na madhabahu. Hao hakuna aliyewaambia hapa si studio, kwa sababu walikuwa wamelipa. Basi shida haijawahi kuwa kamera. Shida ni kijana mwenye simu na hana bahasha.

Najua mtasema nini. Ati tunaharibu ibada. Hapo mko sawa: ibada ikiendelea, simu ikae mfukoni. Na kuna wenzetu wanapanda madhabahuni kudensi ndio video itrendi. Hao wafukuzeni, mimi mwenyewe nitawashikia mlango.

Ati flashi. Flashi hapo haina kazi! Dirisha la rangi linawashwa na mwanga wa nje ukipenya kwenye kioo. Ukimulika kutoka ndani unapata mng'ao wa flashi yako na vioo vimekufa. Izime. Gusa skrini pale panapong'aa zaidi, shusha mwanga, simama sawa na katikati ya dirisha. Wala usingoje jua kali. Yale mawingu ya Julai tunayoyalaani Nairobi ndiyo mazuri, yanaleta mwanga sawa kwa kila kipande. Dakika tano umemaliza.

Ati usalama. Sawa, niandikeni jina getini, nitaacha na kitambulisho. Si tunafanya hivyo kila siku tukiingia ofisi za watu?

Sasa mimi niwaulize nyinyi. Mnajua Notre-Dame ya Paris iliungua tarehe 15 Aprili 2019? Yale madirisha makubwa ya mviringo yalipona, lakini paa na mnara vilianguka. Miaka kadhaa kabla ya moto, mwanahistoria wa sanaa Andrew Tallon alikuwa ameruhusiwa kupima jengo zima kwa leza na kulipiga picha. Alifariki 2018, hakuuona moto. Kazi yake ikawasaidia waliojenga upya, na kanisa likafunguliwa tena Desemba 2024. Sasa sisi hapa kwetu tunangoja nini?

Uso kwenye dirisha kama lile huchorwa kwa mkono, rangi ikachomwa kwenye tanuri ishike kioo, kisha vipande vikaunganishwa kwa risasi. Kikivunjika, hata Kirinyaga Road hakuna spea yake. Bila picha, fundi anabahatisha tu.

Ombi langu ni dogo. Kila kanisa lenye vioo vya rangi litenge saa moja kwa wiki, wakati hakuna ibada, mtu aingie bila kulipa. Na sisi tukipiga, tuache nakala kwa ofisi ya kanisa, bure, kila dirisha na jina lake.

Na wewe unayesoma, usingoje kamati. Wiki hii nenda kanisani kwenu, uombe ruhusa kwa adabu. Ukikataliwa, rudi tena na mamako. Halafu fungua albamu ya harusi ya shosho wako, uangalie nyuma ya watu, si watu. Ukipata dirisha lenye rangi zake, iskani hiyo picha leo. Kuna fundi mahali anaingoja.